Usipa Kwenye Chujio la Maji

Jamani, leo nimeumbuka. Tena nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya mama yangu mzazi na majirani watatu.

Mama anaishi Chiwanda, kando ya ziwa kabisa. Mimi niko Mbinga mjini, nauza kwenye duka la pembejeo. Alipokuja kunitembelea mara ya kwanza nilimjazia chumba katoni za maji ya chupa kama mgeni wa serikali. Akanywa, akakunja uso, akasema, "Haya maji ni ya wagonjwa." Wiki haikuisha, akafunga mzigo. Mimi nikaamua kwamba kilichomkimbiza ni maji. (Kila mtu na utafiti wake.)

Na niwaambie ukweli, nimemkumbuka Mama mpaka nimekuwa mjinga. Nikipita sokoni nikasikia harufu ya usipa, vile visamaki vidogo vya kwetu ziwani, nasimama pale nimesahau hata nilichofuata.

Basi nikanunua chujio. Ndoo mbili zimebebana, ya juu ina kile kijiwe cheupe cha kuchujia, ya chini ina koki. Chupa nikaachana nazo! Majirani nimewachosha kwa sifa zake. Lakini Mama aliposema anakuja tena leo, nikaona chujio peke yake halitatosha. Nikampigia binamu yangu Daudi, anayeleta usipa Mbinga.

"Kaka, niletee dumu la maji ya ziwa."

"Dada, huko Mbinga maji yameisha?"

"Lete tu, usiniulize."

Mpango ulikuwa hivi: nimpe Mama maji ya ziwa, nimwambie ni ya bomba, chujio ndilo limeyafanya matamu. Ayapende. Abaki. (Mnaiona akili?)

Alfajiri umeme ukakatika. Nikamimina dumu zima aliloleta Daudi kwenye ndoo ya juu, gizani hivyohivyo, nikafunika, nikaingia jikoni. Mchana nikamfuata Mama stendi. Nilivyomwona anashuka na kanga yake ileile, nilimkumbatia mpaka kondakta akatuomba tupishe njia.

Tulipofika tu, majirani wakaja kumsalimia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

Mama Agnes hakukawia. "Mama, huyu mwanao ana chujio! Sisi wa maji ya chupa tumeshatangaziwa kuwa ni washamba."

Nikajaza glasi, nikampa Mama kwa mikono miwili. Akanywa funda moja. Akamaliza glasi yote. Machozi yakamlengalenga, na mimi yangu yakafuata.

"Haya ni maji ya ziwa," akasema.

"Hapana, Mama, ni ya bomba! Chujio linaondoa dawa zote, yanabaki maji yenyewe." (Kunyamaza kungeniponya. Sikunyamaza.)

"Ya bomba?"

"Bomba la hapo nje. Mungu anaona!"

(Aliona.)

Mama akainuka, akafunua ndoo ya juu, akachungulia. Akaingiza mkono, akatoa kitu kwa vidole viwili na kukiinua juu wote tukione. Usipa! Mmoja, mzima na macho yake, ametulia kwenye vidole vya mama yangu.

"Tumaini, bomba lenu linavuliwa?"

Mama Agnes alianguka kwenye kochi. Mwenzake mmoja alitoka nje kabisa, nikamsikia uani anaita watu waje waone. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Nikabaki nimeshika jagi.

Nikakiri yote, dumu, Daudi na giza. "Nilitaka usiondoke, Mama. Safari ile maji yalikushinda."

Mama hakucheka.

"Nani kakwambia yalinishinda? Mimi maji nanywa yoyote. Wewe ulikuwa unatoka asubuhi, unarudi giza limeingia, unaniuliza kama nimekunywa maji, unalala. Kutwa nzima naangaliana na zile chupa. Mwanangu, nilikuwa nimekuja kukuona wewe."

Kicheko kikaisha. Mama Agnes akajifanya anatafuta kiatu chake, na alikuwa amekivaa. Mimi nililia bila aibu, maana aibu yote ilikuwa imeshatumika.

Nimempigia bosi kuomba ruhusa ya wiki nzima. Akaniuliza, "Una mgonjwa?" Nikamjibu, "Nina mama." Amekubali, ila kwa sauti ya mtu asiyeelewa.

Sasa nyie chekeni, sikatazi, ila taratibu. Mama amejilaza chumba cha pili. Alipokuwa anaoga nimefungua begi lake nikaloweka nguo zote, na kwa baridi hii ya Mbinga hazikauki leo wala kesho.