Suti ya Mhariri

Msomi hakuwa amesoma popote; jina alijibandika mwenyewe. Jumamosi alitakiwa kujitambulisha kwa wakwe watarajiwa, na suti hana. Basi aliposikia fundi cherehani akilalamika kwamba hakuna anayemjua, akaona riziki hiyo imekuja kwa miguu yake.

"Fundi, unaijua ile ensaiklopidia ya mtandaoni? Mimi ndiye mhariri. Nishonee suti, nikuweke humo, dunia nzima ikusome."

"Hata mama mkwe? Huniita fundi viraka!"

"Huyo atasoma wa kwanza."

Fundi akashika utepe wa vipimo, akaanza kumpima papo hapo.

Jioni, Msomi akafungua akaunti kwa mara ya kwanza maishani, akaandika: "Fundi bingwa wa mabara yote." Dakika kumi, ukurasa umefutwa. Akaandika tena, ukafutwa tena. Aliyefuta ni mchangiaji aitwaye Kalamu Nyeupe, na sababu ileile: hakuna chanzo.

"Huyu naye katumwa na nani?" Msomi akafoka. Alipoona pana mahali pa kumwachia ujumbe, akamwandikia utadhani wamenyonya ziwa moja:

"Mpendwa, nakuamini. Hii ibaki siri yetu wawili. Uache ukurasa mpaka Jumamosi. Nikishachukua suti ya huyu mjinga, futa upendavyo."

Akalala usingizi mnono, hata jibu hakusubiri. Hakujua, msomi wetu, kwamba kule ujumbe kwa mchangiaji husomwa na yeyote apitaye. Na fundi, aliyekuwa akijitafuta humo kila robo saa, alikuta tangazo: ukurasa umefutwa, mwulize Kalamu Nyeupe. Akaenda kuuliza. Akasoma. Roho ikamuuma, kisha akacheka peke yake.

Jumamosi akamvisha Msomi suti kwa heshima zote.

"Umeona nilichoandika?" Msomi akauliza.

"Neno kwa neno, mhariri. Hujawahi kuandika ukweli kama ule."

Ukweni, baba mkwe akampa mkono, akautikisa kwa nguvu za kizee. Mkono wa koti ukachomoka, akabaki nao. Suti nzima ilikuwa imepigwa bandi tu, ule uzi mlegevu wa kushikiza kitambaa kabla hakijashonwa. Msomi akainama kuomba radhi, suruali nayo ikaachana nyuma. Lo! Mfukoni kikadondoka kikaratasi.

Baba mkwe akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mpendwa, nakuamini. Hii ibaki siri yetu wawili."

Mchumba akasimama.

"Mpendwa nani?"