Baba Agape Aingia Barafuni

Jumatano, 8 Januari
Balaa! Binti yangu Agape, miaka saba, kaja na habari: Jumapili kila mtoto anayejifunza kuteleza kwenye barafu ataingia uwanjani na mzazi. Kawaambia wenzake baba yake ni bingwa. Nani alimdanganya? Mimi. Nilikuwa nakula, sikufikiri. Jirani yetu hapa Ganshoren, huku ughaibuni, papa Mwenze wa Lubumbashi, kajitolea kumshika Agape mkono pamoja na mtoto wake Shekinah. Eti, "Bon, papa Gaudens, barafu ya kwenu si ya kutia mu soda?" Ndiyo! Lakini Mwenze hatamshika mwanangu mkono nikiwa hai.

Alhamisi, 9 Januari
Mpango: kujifunza kwa Agape bila yeye kujua. Nimejifanya nampima. Kasema: kunja magoti, tazama mbele. Ukianguka, anguka kwa ubavu, ufumbe vidole upesi, visu vya viatu vya wenzako visivipitie. Vaa glavu na helmeti. Yote nimeyakubali, isipokuwa helmeti. Bingwa na helmeti wapi na wapi?

Ijumaa, 10 Januari
Mazoezi jikoni. Soksi, sakafu, sabuni. Mke wangu Evaline kauliza kama naosha au nacheza. Nimesema naosha. Kanionyesha na bafu.

Jumapili, 12 Januari
Nimeingia! Mkono mmoja ukingoni, mwingine kwa Agape. Mwanzo safi kabisa. Mwenze kapita kinyumenyume, mshenzi. Mara, ng'ambo ya ukingo, mama Paskalina, mkubwa wetu Watanzania wa hapa, kaninyooshea mkono. Mama wa umri ule humpi mkono mmoja! Nimeachia ukingo, nimeachia mtoto, nimetoa yote miwili na kuinama. Shikamoo! Marahaba imenikuta chali.
Agape kapiga kelele, "Baba, vidole!" Nimefumba. Kisu cha Mwenze kikapita palepale. Nikajua sasa mtoto ataondoka naye. Wapi! Agape kaniletea helmeti ya kuazima na sili wa plastiki, yule mnyama wa baharini wanaomsukuma wanaoanza. Tumezunguka uwanja mzima, yeye, mimi na sili. Kawatangazia wenzake kwamba hakuna baba anayeanguka kama wake. Nimevimba kichwa.

Jumatatu, 13 Januari
Mwenze kapiga simu. Jumamosi anapeleka watoto milima ya Ardennes, kuteleza kwenye theluji. Nitaweza? Nimemjibu mimi Mchaga, nimezaliwa chini ya Kilimanjaro, theluji ni ndugu yangu. Agape kasikia, karuka hadi dari.
Nimekagua ngazi za jengo letu kwa mazoezi. Zina mteremko mzuri. Sinia ya Evaline itatosha.