Tezi Yangu Haina Kosa, Wenye Kosa ni Baba za Mabinti

Kwako Daktari Meseret,
Kliniki ya mtaani kwetu, Jimma, Ethiopia.

Mwanangu Daktari, natumaini u mzima na wagonjwa wako wamepungua.

YAH: KUKATAA MATIBABU ULIYONIPA NICHAGUE

Uliniambia tezi dume yangu imekua kupita kiasi, nichague: kusubiri huku ukiipima, vidonge vya kuilegeza, au upasuaji wa kupitisha chombo pale panapopita mkojo. Tena nipunguze kahawa, hapa hapa Jimma, kahawa ilikozaliwa. Nakataa yote kwa sababu hizi:

1. Mimi ndiye mzee wa posa mtaani. Tukifika kwa watu tunasimama. Hatuketi wala hatutoki mpaka baba wa binti ajibu. Naye, asije akaonekana ana haraka ya kumtoa mwanawe, hutuhoji ukoo vizazi saba nyuma.

2. Mwezi uliopita nilikwenda kumposea mpwa wangu Yared kwa Ato Tilahun, bwana mwenye binti. Tulipofika kizazi cha tano nikatoka mbio kwenda chooni. Ato Tilahun akawaambia wenzangu, "Mzee wenu kasusa. Haya, chukueni fimbo zenu mwende." Tangu siku hiyo Yared hali chakula, na dada yangu ananiita bomba bovu mbele ya watu. Imeniuma sana.

3. Kwa hiyo mgonjwa si mimi. Hadi kizazi cha nne nilikuwa mzima kabisa. Vidonge wapewe baba za mabinti, vya kuharakisha jibu, kutwa mara tatu.

4. Atakayekataa vidonge apasuliwe ukoo, aondolewe mababu wanne.

Jumapili tunarudi kwa Ato Tilahun, na Yared hatapata nafasi nyingine. Tafadhali kamtibu kabla ya hapo.

Nisalimie wauguzi, mlinzi wa getini, na yule binti wa maabara aliyenipa kikopo akaningoja nusu saa bila kununa.

Wako, niliyesimama,
Ato Getaneh Woldeyes

Tanbihi: Barua ilichelewa kutumwa, na Jumapili imepita. Ato Tilahun alisema "Mchukueni" tukiwa bado kizazi cha kwanza, akatoka mbio kunizidi. Nikamfuata uani. Tulisimama robo saa, kila mtu na ukuta wake, na hakuna kilichotoka. Akaniuliza, "Mkwe, huo upasuaji unauma?" Nikamwambia sijui, nimekuwa nikiogopa kuuliza. Tuandikie upasuaji sote wawili siku moja, vitanda vinavyopakana.