Kuhusu Kutangazwa Nimepona Bila Ridhaa Yangu

Kijiji cha Ujamaa Umoja,
juu ya Mgwashi, Wilaya ya Lushoto.
Aprili 1976

Kwa Ndugu Mbaraka, Katibu wa Kijiji.

Ndugu Katibu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nilikufundisha tangu darasa la kwanza na sijakuona ukikosa adabu, kwa hiyo nimeitikia mapema ili tusipoteze muda. Muda wangu ni mfupi. Daktari aliyepima moyo wangu mwaka jana aliniambia nisijisumbue kupanda mibuni mipya, maana sitaichuma. Naandika basi kama mtu anayetoa ushahidi wake wa mwisho, na mtu aliye karibu na kaburi hana faida ya kudanganya.

Nimepata habari kwamba Kamati ya Kijiji, katika kikao chake cha Jumanne, chini ya "Mengineyo", imeamua kwamba upele wa mkono wangu wa kushoto umekwisha. Mimi sikualikwa. Mkono nao haukualikwa. Kutokana na uamuzi huo, shemeji yangu Yudith, mdogo wa marehemu mke wangu, ambaye kijiji kilimruhusu kuniuguza asubuhi na kuhesabiwa kama yuko shamba la ujamaa, anatakiwa kurudi kwenye jembe kuanzia Jumatatu. Naupinga uamuzi huu kwa heshima zote, na sababu zangu ni hizi:

1. Ugonjwa wenyewe haujatambuliwa. Ndugu Saidi, mganga wetu wa zahanati, alisema kwanza kwamba ni upele wa kuambukizana, akanipa dawa ya kiberiti nikanuka kama baruti. Nilimweleza kwamba upele ule hupenda katikati ya vidole, huwasha zaidi usiku, na humshika kila mtu wa nyumba. Mimi naishi peke yangu. Hata wa kumwambukiza sina. Akasema basi ni choa. Choa hutambaa kwa kingo huku katikati pakipona. Changu mimi katikati ndipo panapowaka. Mwenyekiti akapita akasema ni upupu. Upupu, Ndugu Katibu, huwa umetulia kabla jua halijazama. Huu wangu una vijipele vyekundu, ngozi imekauka na kuwa nene kama ya mguu wa kuku, nao umekaa palepale tangu mvua za vuli: duara moja juu ya kifundo cha mkono, na mstari mwembamba unaozunguka mpaka chini.

2. Ndipo Ndugu Saidi akasema, "Mwalimu, vua saa." Hilo lilikuwa neno zito. Saa hii nilipewa na wazazi wa shule siku ya kustaafu, kwa makofi na kwa wimbo. Kila asubuhi balozi wa nyumba kumi hupita kwangu kuitazama kabla hajaenda kugonga ile rimu ya lori iliyotundikwa nje ya ofisi yako, na kwa mlio wa rimu hiyo kijiji kizima huenda shamba. Kusema kwamba saa hii inawasha ni kusema kwamba mpango mzima wa kazi wa kijiji unawasha. Mimi sithubutu. Kamati inathubutu? Nasikia hoja yenu ilikuwa kwamba saa ikivuliwa upele utakwisha, na kwa kuwa saa inaweza kuvuliwa, basi upele umekwisha. Nilikufundisha hesabu mimi mwenyewe, na nimeona aibu.

3. Ndugu Saidi anasema yako madini katika saa za chuma ambayo ngozi za watu wengine haziyapendi. Nikamwuliza kwa nini ngozi yangu haikuyakataa tangu siku ya kwanza. Akajibu kwamba ngozi huweza kuvumilia miaka mingi halafu ikakataa. Ngozi gani hii inayobadili msimamo bila kuitisha mkutano?

4. Matibabu ya Yudith hayana mbadala. Huuosha mkono kwa maji baridi, huukausha kwa kitambaa bila kusugua, hupaka utomvu wa shubiri, kisha hunikataza kujikuna kwa maneno ambayo shemeji peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuyasema. Huniita jogoo mwenye utitiri. Amesema nikifa atawaomba wachimba kaburi waache mkono mmoja nje ili niendelee na kazi yangu. Siku moja mlimtuma binti wa balozi badala yake. Alinipaka kimya kimya, kwa adabu, na mkono ukavimba. Tena Yudith huja hata Jumapili baada ya ibada, siku isiyo na kazi ya shamba. Nalitaja hili ili Kamati ione ugonjwa ulivyo mzito.

5. Ikiwa Kamati ina uwezo wa kumaliza upele kwa kuinua mikono, naomba ikae tena imalize na ukungu wa viazi, na ule mteremko wa kisimani unaowaangusha akina mama, na moyo wangu pia. Juu ya moyo huo nina neno. Nilipoambiwa kwamba utanipeleka kaburini, hakuna aliyeleta hata kikombe cha uji. Siwalaumu. Moyo hauonekani, wala haupakwi dawa. Nilipoanza kuwashwa mkono ndipo kizingiti changu kilipokanyagwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, saa iitwe mbele ya Kamati ijitetee. Nitaileta ikiwa mkononi mwangu, kwa sababu kuivua ni kuihukumu kabla haijasikilizwa. Pili, ikionekana kwamba kosa ni la hewa ya mlima huu, kijiji kihamishwe. Mwaka juzi tulihamishwa kutoka bondeni kwa sababu ndogo kuliko hii, mahindi yakiwa machanga. Safari hii angalau kutakuwa na mgonjwa wa kuonyesha. Tatu, hayo yote yakishindikana, mpaka wa nyumba kumi uchorwe upya na Yudith apewe nyumba iliyo jirani na yangu, kwa sababu za afya tu.

Natamka mbele ya kifo changu kwamba sina sababu nyingine.

Mpe mama yako pole ya goti. Mwambie Ndugu Saidi dawa yake ya kiberiti imeua viroboto wa paka, kwa hiyo haikupotea bure. Wasalimu wanakamati wote, waliopiga kura na waliokuwa wamesinzia.

Ni mimi, mwalimu wako ambaye bado anawashwa,
Kornelio Shekiondo

Baada ya kusaini:

Nilimpa Yudith barua hii ailete ofisini. Ilikuwa wazi kwa kuwa duka la kijiji halina bahasha. Nilisahau lile darasa la elimu ya watu wazima, ambalo mimi mwenyewe nilimsukuma aende. Alisimama mlangoni akaisoma yote, kwa kidole na kwa sauti, wala hakuruka hata "Mengineyo". Kisha akaketi kwenye kigoda akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

"Shemeji," akasema, "hilo duara ni saa. Nimejua tangu siku ya kwanza. Na unaivua nikishaondoka, ukisikia nakohoa kule mgombani unaivaa upesi upesi."

Ni kweli, Ndugu Katibu. Bila saa mkono hupona vizuri, tena kwa haraka inayonitia hofu. Nikamwuliza kwa nini basi ameendelea kunipaka shubiri. Akasema mgongo wake na shamba lile havipatani. Nikaona haya, kumbe ndiyo hivyo, nikatazama chini.

Kisha akaniuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza ninyi mliposhindwa kujumlisha: "Na Jumapili je, mwalimu?"

Basi nafuta namba moja hadi tano, pamoja na maombi yote. Saa hii hapa, ameifunga kwenye pindo la kanga yake. Mpe balozi akae nayo. Uamuzi wa Kamati ni sahihi, upele umekwisha. Jumatatu Yudith atakuwa shambani rimu itakapolia. Amesema akitoka huko atapitia hapa, na nisithubutu kumwuliza amekuja kutibu nini.