Mkaa wa Shemeji na Maji ya Zambarau

Jumatatu, 3 Machi
Kiwanda chetu kinatia vitambaa rangi, na maji taka yanatoka zambarau. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiyaona hivyo, tunafungiwa. Meneja kasema atakayeyasafisha kwa gharama nafuu ndiye msimamizi mpya wa maji taka. Ofisi yenye dirisha! Miaka kumi na moja nimekaa ghalani, jua nalisikia redioni.

Mkemia kaleta mchoro. Matangi mawili marefu, yamejaa kaboni amilifu, yaani mkaa uliopikwa kwa mvuke mpaka ukawa na vitundu vya kunasa rangi. Maji yakae humo nusu saa. Meneja kaona bei, kashika kichwa. Nikanyoosha mkono, nikasema mkaa ni mkaa.

Jumanne, 4 Machi
Magunia ishirini kutoka kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Kaapa ni mkaa safi, haurushi cheche. Mkemia kaniuliza kama nachuja maji au nachoma nyama. Wivu tu. Nimejaza tangi moja kuukuu la sabuni. La pili ni mbwembwe za wasomi.

Jumatano, 5 Machi
Maji yameingia zambarau. Yametoka zambarau, na vumbi jeusi juu yake. Mkemia kasema vipande ni vikubwa mno na maji yanapita mbio. Haya, nikausaga mkaa wote ukawa unga. Tangi likaziba. Saa nane mchana kifuniko kikaruka. Asubuhi Meneja alikuwa na shati jeupe.

Alhamisi, 6 Machi
Meneja kasema kesho maji yasipotoka safi, hata ghala nisahau. Nimeogopa kweli. Mke wangu kanishauri nimwangukie Mkemia, maana kaka yake mwenyewe kakiri mkaa ule ni wa jikoni tu. Msaliti! Nimepata dawa nyingine: mpira wa maji ya bomba, kutoka chooni hadi kwenye koki ya tangi, kwa nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
Maji yametoka maangavu! Meneja kanipiga bega. Mkaguzi, mama mmoja mpole, kachota glasi, kaitazama, kainusa. Akaniuliza taratibu mbona inanuka klorini ya bomba. Akaeleza kuwa kaboni hunasa klorini upesi sana, kwa hiyo maji yaliyopita humo hayanuki hivyo kamwe. Kisha akaufuata mpira hadi chooni. Nilitembea nyuma yake. Aibu niliyoiona sijawahi kuiona.

Kiwanda kimepewa siku thelathini za kujirekebisha. Mkemia kapewa matangi yake mawili, na cheo. Mimi nimepewa koleo la kuzolea tope mtaroni.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa nikajichunguza kwa unyenyekevu. Kosa langu nimeliona waziwazi, na nimelikubali kiume. Maji ya bomba yana klorini. Ya mvua hayana. Shemeji ananitafutia mapipa.