Bilauri ya Roma

Jumamosi, 8 Machi 2025
Nimepata silaha! Bilauri. Nimeinunua duka la mitumba hapa Carrollton, kijani, nene, shina limejaa vinundu. Wiki ijayo naenda Mansfield kumposa Orpa. Baba yake Orpa, Mzee Godefroid, ni mchungaji wa Kipentekoste na hanipendi. Mpinzani wangu Florent tayari amempelekea kochi zima la ngozi. Sawa. Mimi nitampelekea historia.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwonyesha jirani yangu Absalom, nesi Mkenya anayejua kila kitu kupitia simu. Anasema bilauri za namna hii zilitumika Ujerumani na Uholanzi miaka mia nne iliyopita. Akataja jina. Roma! Kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, walioitwa Roma walikuwa Wakatoliki tu. Kumbe ni kikombe cha padri! Absalom akaanza kueleza habari za vinundu. Sikungoja.

Jumamosi, 15 Machi
Aibu! Nimetangaza mbele ya ukoo mzima: kikombe kitakatifu cha Roma. Mzee akauliza nimekiiba madhabahu gani. Mama yake Orpa akaanza kukemea pepo. Nikampigia Absalom, nikaweka spika, aniokoe. Akacheka. Eti si Roma, ni roemer, jina la Kiholanzi. Na si ya misa, ni ya mvinyo. Mvinyo! Kwa mchungaji! Orpa akafunika uso. Nilijua nimemkosa, na nampenda kweli. Nilitamani kochi la Florent linimeze.

Chakula kikaja: bugali, sombe ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese tele. Orpa, Mungu ambariki, akaimiminia bilauri juisi ya maembe. Vidole vya Mzee vimechoka kwa miaka ya kukata kuku kiwandani. Glasi humponyoka kila wiki. Akaishika kwa vidole vilivyojaa mawese. Haikuponyoka. “Haiteleze, mutoto yangu!” Absalom, ambaye hakuna aliyekumbuka kumkatia simu, akapaza sauti kwamba ndiyo kazi ya vinundu: Wazungu wa zamani walikula nyama kwa mkono. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kumbe nao walikuwa watu, alisema.

Nimekubaliwa! Nimeshusha pumzi mpaka kifungo cha koti kimekatika.

Jumatatu, 17 Machi
Nimelala usingizi wa mtoto. Orpa ameniomba nisipeleke tena kwao kitu nisichokijua. Nimeapa.

Leo, duka lilelile: bilauri ndefu, imezungushiwa pete za kioo. Absalom akasema ni pasi-nini-sijui, akaingia kwenye habari za watu kunywa kwa zamu, kila mmoja aishie kwenye pete yake. Nilishafika mlangoni. Pasi! Nimeshampigia Mzee simu: Jumapili namletea ya kunyooshea mashati.