Kibao cha Jiwe la Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 9

Wiki ya saba bila mke. Chai nimepika mwenyewe, ikaungua. Sijui chai huunguaje, lakini yangu iliungua.

Asubuhi shemeji kapita karakana. Ni kaka wa mke wangu, anaongoza wageni kwenye njia ya jangwani, na tangu dada yake ahamie kwake anatembea kama mtu aliyeshinda kesi. Akasema Jumapili wauguzi wa zahanati wataitembea njia yote, na dada yake, mkunga wao, yumo. Zahanati ya mji mwingine inamtaka, na lazima ajibu Jumatatu. Kisha salamu za dada yake: anasema nikitaka niende nao. Getini, saa moja asubuhi. Nisibebe chochote. Nije tu.

Nije tu! Mtego huo. Nikasema nitafikiria. Akanijibu nisifikirie, maana mimi nikishafikiria ndipo mambo huharibika.

Bado wananisimanga kwa ule msiba. Mkwe wangu alipofariki nilichelewa mazishi, nakiri. Lakini nilichelewa kwa heshima! Nilikuwa namalizia kibao cha kaburi, rangi tatu, herufi zenye kivuli. Nilipofika watu walikuwa wanakunja maturubai. Mke wangu hata hakukitazama. Akasema alitaka mtu wa kusimama naye, si ubao. Kesho yake akafunga mizigo.

Jumanne, tarehe 10

Bahati! Msimamizi wa njia kaniita. Njia ina mawe kumi na moja ya ajabu. Kumi yana majina, na vibao vyote nimechora mimi: Uyoga, Ngamia Mvivu, Jino, na wenzao. La kumi na moja halina jina. Wapita njia wanaandika kwenye daftari la getini wanaliona kama nini, na jina litakaloongoza Jumapili jioni nitalichora.

Nikaona mwanga. Jiwe la Mkunga! Mke wangu atakuta jabali zima limepewa heshima yake, atalia, atarudi nyumbani. Kweli, jiwe halifanani na mkunga. Linafanana na gunia lililodondoka kwenye lori. Lakini mapenzi huona mbali. Msimamizi alipokwenda kula, nikaandika kura kumi na tano, majina tofauti, kalamu tatu.

Jumatano, tarehe 11

Nimeumbuka. Msimamizi kaniuliza imekuwaje wasafiri kumi na watano, mmoja ametoka ng'ambo, wote waandike herufi zenye kivuli. Mazoea! Mkono ulifanya wenyewe. Kura zimefutwa, na nimekatazwa kuligusa daftari.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Jioni nimeanza kupiga msasa ubao wa Jiwe la Mkunga.

Ijumaa, tarehe 13

Nimebeba kibao hadi jangwani. Getini pameandikwa kwamba ugumu wa njia ni wastani. Niliandika mimi, na leo nawaomba radhi wote. Saa ya kwanza ni mchanga unaomeza kisigino. Ya pili ni miamba mitupu, inachoma kama kikaango. Halafu unaingia kwenye ufa kati ya majabali mawili, mwembamba, mtu hupita ubavu. Mtu, si mtu na ubao. Nilikwama, nikarudi nyuma, nikakwama tena, nikapita nimeuweka kichwani.

Kwenye Uyoga nilipumzika nikakitazama kibao changu cha zamani. Jua limekibabua. Ngamia naye jina limebaki madoa. Miaka kumi na miwili ya kazi yangu imesimama huku inaliwa kimyakimya, na hakuna aliyeniambia. Nilihuzunika sana. Nikaapa hiki kipya, sherehe ikiisha, nitakipaka mara ya pili.

Njiani nikakutana na shemeji na wageni wake. Akauliza nimebeba nini. Nikasema mlango. Akautazama ule mlango, akaniambia dada yake amenunua viatu vya Jumapili, na anauliza hali ya magoti yangu. Amesema atatembea polepole ili niweze kumfuata. Dharau tu hiyo!

Nimesimamisha kibao mbele ya jiwe, nikakifunika shuka. Nikaipigilia shuka misumari minne, upepo usije ukaharibu sherehe.

Jumapili, tarehe 15

Nimefika kwenye jiwe mapema, wa kwanza kuliko wote. Nikafunga kamba kwenye shuka, nikajibanza kwenye upenyo nyuma ya jiwe. Mpango ulikuwa safi. Mke wangu atakaa pale mbele, wote hukaa pale. Navuta kamba, shuka inaanguka, anasoma, natokea kama bwana harusi.

Walifika wamechelewa saa nzima. Nikaudhika! Kumbe walikuwa getini muda wote huo. Nilisikia wauguzi wakinung'unika kwamba mkunga kawashikilia pale, kila mara akisema wasubiri kidogo tu, mumewe anakuja, ni magoti yake.

Akakaa hatua tano kutoka nilipo. Viatu vipya, vyekundu kwa vumbi. Amekonda. Alikuwa na chupa mbili za maji, na kaka yake alipomuuliza ya pili ya nani, akasema ni yangu, huenda nikawafikia njiani.

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Misumari! Shuka ilitikisika tu, muuguzi mmoja akasema upepo umeanza.

Mke wangu akamwambia kaka yake kwa sauti ndogo kwamba kama ningetokea tu leo, hata bila neno, wakitoka getini angerudi nami nyumbani kwetu, si kwa kaka yake. Alisema amechoka kutazama barabara.

Nilisikia kila kitu. Ningeweza kutoka. Hatua tano tu! Lakini utatokaje kabla kibao hakijafunuliwa? Kazi yote ingekuwa bure. Nikazungusha kamba mkononi mara mbili, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa.

Shuka ilianguka walipokwisha kupotelea nyuma ya Jino. Mjusi mmoja akaja mbele ya kibao, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Chupa yangu alikuwa ameiacha pale alipokaa. Maji yalikuwa ya moto. Niliyanywa yote, nikalia kidogo, nikarudi peke yangu.

Jumanne, tarehe 17

Msimamizi kaja na mambo mawili. Kwanza, niking'oe kibao changu haramu. Pili, jina limepatikana. Jumapili wauguzi wote saba waliandika jina moja kwenye daftari, na aliyelianzisha ni mke wangu: Jiwe la Asiyekuja. Nilichore kabla ya Ijumaa.

Uonevu mtupu! Asiyekuja nani? Nilifika kabla ya jua! Nimeandika barua ya malalamiko, kurasa tatu. Ila siwezi kukataa, ile A ya Asiyekuja itakaa vizuri sana na kivuli.

Jioni shemeji naye kaja. Safari hii hakutembea kama mshindi. Dada yake amekubali ile kazi ya mji mwingine, anaondoka kesho kwa basi la saa tatu asubuhi. Alisimama mlangoni, akasema stendi ni dakika kumi kwa miguu, hata kwa magoti mabovu. Akanisihi, shemeji yangu, nije tu. Hata bila kunawa uso.

Masikini, haelewi. Mke kama yule aagwe mikono mitupu? Alipoondoka tu nikatoa ubao mpana kuliko yote niliyonayo. RUDI NYUMBANI, rangi nne, herufi zenye kivuli. Nimeshapaka rangi tatu, ya nne napaka kukipambazuka. Ikipata jua vizuri, saa nne itakuwa imekauka.

Basi ni la saa tatu. Lakini ni lini mtu aliona basi likaondoka kwa wakati?